Majibu Yote Safi, na Bado Moyo Unakimbia

Kwa muda mrefu jibu nililopewa hospitalini lilikuwa moja: mama, huna tatizo. Kipimo cha umeme wa moyo safi. Sukari safi. Picha ya kifua safi. Presha imepanda kidogo, lakini hiyo ni kwa sababu umekuja na hofu. Natoka na karatasi zangu kwenye bahasha, namshukuru Mungu, nafika nyumbani, na kabla ya isha moyo umeshaanza tena kwenda mbio na viganja vinatoka jasho.

Wapo wengi wanaozunguka na bahasha kama ile, zahanati hadi zahanati, na kila wanakofika wanapimwa upya malaria, taifodi na vidonda vya tumbo. Nawaandikia wao. Majibu safi ni habari njema, lakini hayaponyi. Yanakuambia kwamba moyo wako si mgonjwa. Hayakuambii kwa nini unakimbia.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimeolewa Dar es Salaam, nauza vitenge na khanga Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo. Nyumbani ni Kigamboni, kwa hiyo asubuhi na jioni navuka maji kwa pantoni. Shambulio la kwanza la hofu lilinipata humo, jioni, pantoni limejaa, magari mbele na watu wamebanana hadi kwenye vyuma vya pembeni. Joto lilipanda kutoka tumboni hadi shingoni. Vidole vikaingia ganzi, kisha midomo. Kifua kikabana, hewa naivuta na haitoshi, na watu waliosimama hatua moja tu kutoka kwangu nikawaona wako mbali, kana kwamba si wa dunia hii. Niliamini kabisa kwamba nakufa, nikaanza kutamka shahada. Mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono, akanikalisha juu ya ndoo ya muuza samaki, akawa ananipepea kwa pindo la khanga yake. Tulipofika ng'ambo nilikuwa nimeshatulia, nimebaki mnyonge, miguu haina nguvu, na aibu imenijaa mbele za watu.

Kuvuka pale hakufiki robo saa. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba shambulio la hofu ndivyo lilivyo: hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka lenyewe, umeze kitu usimeze.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sababu yake. Ndugu zangu wa Pemba walisema ni bahari. Mama yangu mdogo alikuwa ndani ya MV Spice Islander, meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mwili wake hatukuupata. Maelezo hayo yaliwatosha. Hata mimi yalinitosha, mpaka shambulio la pili liliponikuta kwenye foleni ya benki, nchi kavu, na jingine ukumbini Mbagala, harusini, nimeshika sahani ya pilau.

Mama yangu alisema nimeingiliwa. Akafukiza ubani, akamleta sheikh, nikasomewa, nikaandikiwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nikalinywa. Sitamvunjia heshima mama kwa hilo, wala sheikh. Usiku wa kusomewa nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miezi. Na sheikh yule ndiye aliyeniambia, mama akiwa anasikia, "Mwanangu, dua usiache, na hospitali usiache. Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa." Tangu siku hiyo mama hakubishana tena na safari zangu za hospitali. Wanaodhani kwamba lazima mtu achague kati ya dini na daktari, kwangu mimi haikuwa hivyo.

Aliyenifungua macho alikuwa daktari kijana, zamu ya usiku, kwenye hospitali niliyokwisha kufika kwa shida hiyohiyo. Alitazama kipimo cha moyo, akaona ni safi kama vya nyuma. Badala ya kunipa ruhusa akavuta kiti.

"Mama, moyo unapoanza kwenda mbio, unaogopa nini hasa?"

"Naogopa unasimama. Naogopa nakufa."

"Na ukishaogopa hivyo, unafanya nini?"

"Unazidi kukimbia."

Akageuza ile karatasi ya kipimo, akachora duara nyuma yake. Juu aliandika moyo unadunda. Akapiga mshale: nakufa. Mshale tena: hofu. Mshale mwingine ukarudi palepale alipoanzia, moyo unadunda zaidi. Akasema mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliueleza mzunguko huu mwaka 1986, na kwamba tiba nyingi zinazosaidia watu wa aina yangu zimejengwa juu yake. Mwili unafanya kitu cha kawaida, labda umepanda ngazi haraka au umekunywa kahawa tumbo tupu, wewe unakitafsiri kuwa ni kifo, tafsiri hiyo inaleta hofu ya kweli, na hofu inaleta dalili zaidi za kutafsiri.

Kisha akanieleza mwilini kunatokea nini, na hapo nilisikiliza kama mtoto. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake kunusa hatari. Kwa mtu mwenye maradhi haya ya wasiwasi inafanana na mbwa mlinzi aliyezoea kubweka: anambwekea mwizi, na mwenye nyumba akirudi anambwekea vilevile. Ikishapiga kelele, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi kupeleka damu kwenye misuli, jasho linatoka kupoza mwili, tumbo linasimamisha kazi yake, ndiyo maana linavuruga. Unapumua harakaharaka kujiandaa kukimbia, na usipokimbia, kupumua huko kunatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyopaswa kutoka. Hewa ukaa ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana kidogo, na ndipo kinakuja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na ile hali ya kuona watu wako mbali. Ganzi yangu haikuwa kiharusi, ilitokana na pumzi.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Hakunipa sababu moja, na sasa namshukuru kwa hilo, maana kila aliyenipa sababu moja alinipoteza. Maradhi haya huenda na ukoo: ndugu wa damu wa mgonjwa wako kwenye uwezekano mkubwa zaidi ya watu wengine. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hatoki nyumbani bila mtu wa kumsindikiza, na sisi tukisema tu kwamba ana roho nyepesi. Msiba wa mama mdogo umo. Kisha kuna Julai 2021, soko kuu la Kariakoo lilipoungua. Duka langu halikuguswa, ila watu wawili niliowakopesha mzigo walikuwa na vizimba mle ndani, na pesa yangu ikaishia kwenye moto ule. Ili nijaze duka upya niliingia mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila wiki. Aliyewahi kudaiwa na watu wale anajua usiku wake ulivyo. Nikawa silali, naishi kwa kahawa, nachelewa kula. Ukiweka yote hayo juu ya mwili uliozaliwa na woga wa karibu, siku moja pantonini inatosha.

Nilipokuja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 301 wenye magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019, wanawake wakiwa wengi zaidi, nililia. Nilidhani niko peke yangu, na kumbe haya ndiyo magonjwa ya akili yaliyoenea kuliko yote. Shirika hilohilo linasema katika kila watu wanne wanaohitaji matibabu, ni kama mmoja tu anayeyapata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Shambulio lenyewe ni dakika chache. Kilichoila miaka yangu ni yale niliyokuwa nafanya ili lisinipate. Yalianza kwa udogo na kila moja lilikuwa na akili yake. Chupa ya maji mkononi. Kusimama karibu na lango la pantoni ili nitoke wa kwanza. Kupiga simu kwa binti yangu kabla ya kuvuka na kuongea naye hadi ng'ambo. Nikanunua mashine ya presha, nikawa najipima asubuhi, mchana na usiku, na kila nikijipima kwa hofu inasoma juu, na ikisoma juu naogopa zaidi. Kisha nikaacha pantoni kabisa, nikawa nazunguka kwa daladala kupitia Daraja la Kigamboni. Miezi haikupita, foleni ikatukamata katikati ya daraja, na daraja nalo likaingia kwenye orodha ya nisikopita. Benki nikamwachia mume wangu. Harusi nikawa natuma mchango. Mwisho binti yangu ndiye aliyekuwa akifungua duka, mimi niko Kigamboni nimekaa barazani, na hofu imenifuata mpaka hapo.

Kila unapokimbia, hofu inashuka papo hapo, na ile nafuu ndiyo sumu, kwa sababu ubongo unaandika: tumepona kwa kuwa tulikimbia. Haupati kamwe nafasi ya kuona kwamba hata ungebaki usingekufa. Safari inayofuata unapiga kelele mapema zaidi. Ndugu zangu kwa upendo wao walinisaidia kukimbia. Walinibebea, walinitumia, waliniambia pumzika. Nilikuwa nahitaji mtu wa kuniambia twende wote.

Daktari kijana aliniandikia rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Kaka yangu aliposikia alinuna. "Watasema dada yetu kapelekwa Mirembe." Anayeishi Tanzania anaelewa. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, imetibu watu kwa vizazi, na jina lake limegeuzwa tusi la kumtupia yeyote aliyekosea mtaani. Nilikaa na rufaa ile kwenye mkoba kwa wiki kadhaa. Siku niliyokwenda, kwenye benchi nilikaa na mwalimu, dereva wa bodaboda, na msichana wa chuo ambaye hawezi kusimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi yake, koo linajifunga. Kuna mama wa makamo aliyekuwa hana mashambulio kama yangu. Yeye anahangaika na kila kitu mfululizo, watoto, mvua, simu isiyopokewa, kwa miezi zaidi ya sita, misuli imekaza, usingizi hauji. Yote hayo ni matawi ya mti mmoja. Hakuna aliyefungwa kamba pale. Tulikuwa tunasubiri zamu kama watu wa kliniki ya macho.

Kabla ya kliniki ile nilikuwa nimeshapewa diazepamu, dawa ya kutuliza hofu haraka, na muuza duka la dawa, bila cheti. Ilinifanyia kazi ndani ya nusu saa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwili huizoea upesi, kipimo cha jana kinakuwa hakitoshi leo, na mtu akiikata ghafla baada ya kuizoea anaweza kupata hofu kubwa kuliko ya mwanzo, hata degedege. Daktari wa kliniki hakunigombeza. Alinipunguzia kidogokidogo na kunianzishia setralini, dawa ya aina nyingine. Hii si dawa ya kumeza ukishikwa. Ni ya kila siku, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kujisikia. Alinionya, na nashukuru alinionya, kwamba mwanzoni naweza kuona mambo yamezidi: tumbo, usingizi kukatika, mwili kutotulia. Ndivyo ilivyokuwa. Nisingeonywa ningeitupa. Alianza na kipimo kidogo kwa sababu hiyo, akasema nikishapata nafuu nitaendelea nayo miezi 6 hadi 12 au zaidi, na kuacha ni kwa kushusha taratibu chini ya macho yake.

Dawa ilinituliza kiasi cha kuweza kufanya kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa chumba cha pili, kwa mwanasaikolojia. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, na mara ya kwanza niliwaza huyu atanifundisha nini. Alinitaka nikimbie palepale nilipo mpaka moyo udunde. Kisha nizunguke kwenye kiti mpaka kichwa kizunguke. Kisha nipumue kwa mrija wa soda huku pua nimeibana. Nilikataa. Nilimwambia mimi nimekuja kutolewa dalili hizi, si kuletewa. Akanijibu kwa upole, "Mama, moyo wako umepimwa, ni mzima. Tunataka uzikute hizi dalili mahali ambapo umezitengeneza mwenyewe, uone zinaishaje." Niliufanya ule mchezo wa mrija nikilia. Kifua kilibana, vidole vikaanza ganzi, nikaendelea kukaa. Ikapita. Nilipokwenda nyumbani nilifanya tena jikoni, binti yangu akinitazama.

Baadaye tukaandika ngazi. Chini kabisa, kusimama kituo cha Feri nikitazama watu wanavyopanda. Juu yake, kuvuka mchana na binti yangu, watu wachache. Kisha mchana peke yangu. Kisha jioni, saa ya msongamano. Juu kabisa, jioni, katikati ya pantoni mbali na lango, bila chupa ya maji, simu imezimwa. Kanuni ilikuwa moja: hapandi mtu ngazi ya juu kabla ile ya chini haijachosha, na haondoki mahali hofu ikiwa kileleni. Unabaki mpaka ishuke. Hupigani nayo, wala hujisemezi kwamba hakuna kitu. Unaiacha ipite.

Kulikuwa na siku nilizorudi nyuma. Ramadhani moja, usingizi umevurugika na marejesho yamebana, nilishikwa tena vibaya palepale Feri, na nikakaa siku kadhaa sivuki. Mwanasaikolojia hakustuka. Alisema jeraha hili hufunguka mtu akichoka, na njia ya kurudi ni ileile, ila safari hii fupi zaidi. Ilikuwa fupi kweli.

Dada yangu yuko Unguja, na huwa ananiuliza mtu asiye na kliniki karibu afanye nini. Namweleza habari za Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza Harare na bibi wa kawaida wa mtaani, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshafika na Zanzibar. Huku kwetu bibi hawakosekani, na benchi hazikosekani. Natamani kila zahanati ya Kigamboni iwe na lake.

Sasa navuka. Dawa nimeshaimaliza, nilishushwa nayo polepole mpaka ikaisha. Kahawa nakunywa kikombe kimoja, baada ya kula. Mikopo ya kausha damu niliilipa kwa msaada wa kikoba chetu na sitaisogelea tena. Moyo bado unaniruka mara mojamoja, na huwa nauacha.

Wafanyabiashara wenzangu wakishajua, wananijia. Juzijuzi amekuja msichana anayeuza viatu duka la jirani. Mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala, usiku anatupa shuka kwa joto. Akaniomba nimfundishe ile pumzi na ule mrija. Nilimtazama, nikaona amekonda sana, naye ananiambia anakula kuliko zamani. Nikamwambia mrija tutaongea baadaye, kwanza damu. Nilifunga duka mapema tukaenda wote, na nikamwomba daktari asiishie kwenye malaria. Kipimo kilionyesha tezi ya shingo, thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huo nao huleta mapigo ya haraka, jasho, mtetemeko na woga, na mazungumzo peke yake yasingeutoa. Ameanza dawa yake, kabimazoli, na anarudi kupimwa damu mwezi ujao. Kwake yeye karatasi haikuwa safi, na ilikuwa heri tuliisoma.